Wanawake Waliokuwa Wakificha Dawa

Vidonge nilivikuta kwenye ncha ya kitenge chake, tulipokuwa tunamwosha. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, muuza makala, yaani mkaa, wa mtaa wa Shituru, na alikuwa amefariki asubuhi ile ile mikononi mwangu, akikohoa damu. Niliona fundo nikadhani ni rozari, au kipande cha sabuni, kama wanawake wetu wanavyofunga vitu vyao vidogo. Nikalifungua ili nimkabidhi dada yake kilichomo. Vikamwagika sakafuni, vyekundu, vikaviringika hadi chini ya kitanda cha jirani. Nilipiga magoti nikaviokota. Vilikuwa arobaini na kimoja.

Dada yake alikuwa amesimama pale na beseni la maji. Hakuuliza ni nini. Aligeuza uso ukutani, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua.

Miaka ile ya tisini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Likasi, wodi ya wanawake wenye kifua kikuu. Mashuka yetu tulikuwa tumekwisha kuyachana tukayafanya bandeji. Sindano tulizichemsha kwenye sufuria juu ya makala. Wagonjwa walikuja na magodoro yao, na wakipona waliondoka nayo vichwani. Kwenye kiwanda cha shaba mitambo ilikuwa inazimwa mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe uliweza kusimama uani kwetu Shituru ukasikia kuku wa mtaa wa pili. Kitu kimoja tu hatukukosa, na ndicho kilichotufanya tuendelee kuamka na kuja kazini: dawa za kifua kikuu. Sista mmoja mzee wa misioni ya Kapolowe alituletea kila mwezi kwa pikapu, katoni ikiwa juu ya magoti yake, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Hakukubali iwekwe nyuma pamoja na magunia ya mahindi.

Kwa hiyo mnielewe. Katika mji usio na dawa, mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni naokota dawa ambazo mtu alikataa kuzimeza mpaka akafa.

Kila asubuhi nilipita kitanda kwa kitanda. Nilimpa kila mmoja vidonge vyake na kikombe cha maji, nikasema, "Fungua kinywa, mama." Wakafungua. Nikatazama, nikaweka alama kwenye karatasi, nikaenda kwa mwingine. Alama za yule msichana zilikuwa zimejaa, hakuna siku aliyoruka. Sikujua kwamba mtu anaweza kujifunza kuficha kidonge kati ya shavu na ufizi, akasema asante, akakitema ukishampa mgongo.

Niliviweka kwenye kibakuli cha alumini nikaingia chumba cha mashuka, ambacho hakikuwa tena na mashuka, nikafunga mlango. Nikachukua kidonge kimoja. Nikakinusa.

Hilo sikumwambia mtu siku ile. Mimi, niliyesomea kazi hii, niliyekuwa nikivigawa kwa mkono wangu, nilikinusa kidonge kama mtu anayenusa chakula cha adui yake. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimesikia yale yaliyokuwa yakisemwa kwenye foleni ya maji: ya kwamba dawa ya yule Mukasai inakojolesha watu damu. Nilipojikuta nimeshika kidonge puani, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mukasai waliyemsema alikuwa daktari wetu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alizaliwa papa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka mkoa wa Kasai, aliletwa kufanya kazi mgodini akiwa kijana, akafia hapa. Mwaka uliokuwa umetangulia, watu wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao, mji mzima, mtaa kwa mtaa. Jirani zangu wa ukuta mmoja, waliomsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo, walitolewa nje mchana kweupe na vyombo vyao vikawekwa barabarani. Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Wengi walikwenda kungojea treni kituoni, maelfu ya watu, wiki baada ya wiki, wanapika pale, wanazaa pale, wanazika. Kisha treni zikaja zikawachukua. Daktari wetu alibaki. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kazi aliijua kuliko daktari yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, lakini maneno hakuwa nayo. Alipita wodini na daftari, akiuliza kwa Kifaransa, nami natafsiri. Unakohoa tangu lini? Una homa? Umepungua? Aliandika bila kuinua macho. Mgonjwa akianza kusema kwamba kikohozi kilimwanza siku waliyomzika mumewe, yeye alikuwa ameshafika kitanda cha mbele.

Nikampelekea kibakuli.

"Ni vya yule binti?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Ndiyo, Dokta."

"Ulipoviona, ulifikiri nini?"

"Sikufikiri kitu," nikasema.

Alinitazama, kisha akasema nipekue vitanda vyote.

Tuliwatoa wanawake wakaote jua, kama tulivyofanya kila siku, nami na mwenzangu tukaanza. Chini ya godoro la kwanza hakukuwa na kitu. Kwenye mshono wa mto wa pili, vidonge kumi na vitatu. Ndani ya mkate mkavu uliochimbwa katikati. Ndani ya soksi. Kwenye mfuko wa karatasi uliopachikwa nyuma ya picha ya Bikira Maria. Mwenzangu alianza kulia kwa hasira, akisema, "Sista anabeba hizi juu ya magoti! Juu ya magoti!" Wanawake walikuwa kumi na wanne. Tisa walikuwa wanaficha.

Nilingojea daktari apige kelele. Nilitamani apige kelele, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejaa kelele. Yeye alikaa kwenye meza yake, beseni limejaa vidonge vyekundu mbele yake, mikono juu ya mapaja. Kupitia dirishani aliwaona wanawake wale kumi na wanne wamekaa ukutani juani, vitenge mabegani. Wao pia walikuwa wanatazama dirisha. Walijua tumepekua.

Kesho yake asubuhi aliingia wodini bila daftari. Alikuwa anaburuta kiti cha mbao. Alikiweka katikati ya safu mbili za vitanda, akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa wodini. Nikajisogeza karibu ili nitafsiri. Akanionyesha kwa mkono nikae na mimi.

"Bamama," akasema, "leo siulize kintu. Leo minye njo nitasema."

Nilishtuka nusura nidondoshe trei. Kilikuwa Kiswahili chetu, Kiswahili cha Likasi, cha "minye njo" badala ya "mimi ndiye", cha uani na cha foleni ya maji, kilichonyooka kama cha mtu yeyote aliyekulia kambi ya wafanyakazi. Miaka miwili nilikuwa natafsiri kwa mtu asiyehitaji mtafsiri.

"Nilikuwaka na hii ugonjwa yenu," akasema.

"Weye?" Sauti ilitoka kitanda cha dirishani, kwa mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na kwake tulikuwa tumekuta vidonge vingi kuliko vya wote.

"Minye, mama. Nilikuwa nasoma Lubumbashi, mwaka ya tatu. Nikaanza kukohoa. Nikaficha. Nilisema, nitakuwa munganga, namna gani nitakohoa mbele ya bagonjwa? Nikaficha mpaka nilianguka mu masomo."

Akaeleza jinsi walivyomrudisha Likasi kwa mama yake, na siku ya kwanza alipoanza dawa. Asubuhi alikwenda chooni, akatazama chini, akaona mkojo mwekundu kama mafuta ya ngazi, yaani mawese. Alikuwa ameshasoma kwenye kitabu kwamba dawa ile ina rangi. Alikuwa ameshajibu swali hilo kwenye mtihani. Hata hivyo alitoka chooni anakimbia, suruali kaishika mkononi, anaita uani, majirani wote wanasikia: "Mama! Mama, nakufa!"

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo haraka. Daktari alimtazama akatikisa kichwa, kama kumwambia acheke tu.

"Haiko damu," akasema. "Iko rangi ya dawa. Inaingia nyekundu, inatoka nyekundu. Hata jasho inaweza kuwa nayo, hata machozi. Minye nilijua, na bado niliogopa. Ninyi muliona ile kitu kila asubuhi, na hakuna mutu alibaambia." Akanyamaza. Akavua miwani. "Ile binti wa makala alikufa juu yangu, kosa iko yangu. Sikumuambia."

Sijui kama naweza kueleza jinsi wodi ilivyokuwa. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwa nimesikia daktari akitamka maneno hayo, wala kwa Kifaransa wala kwa lugha nyingine, wala mbele ya mwenzake, seuze mbele ya wagonjwa. Nilitazama mlango, nikiogopa mtu anaweza kupita akasikia. Wanawake walikuwa wameacha hata kukohoa.

Akaendelea polepole. Alisimulia jinsi mama yake alivyomlaza katika chumba cha nyuma, kule Shituru, safu ya nyumba zilizo karibu na reli. Kila asubuhi mama alimletea dawa, akakaa chini sakafuni, akamtazama mpaka ameze. Hakumwambia afungue kinywa. Alikaa tu pale, akimsimulia habari za mtaa, nani amegombana na nani, mpaka dawa ikawa kitu kinachomezwa katikati ya mazungumzo. Hivyo kwa miezi mingi, mpaka akapona akarudi masomoni.

"Na ule mama," mama mzee wa dirishani akauliza, "iko wapi sasa?"

Nilidhani ni udadisi wa wazee. Lakini niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

Nafikiri daktari hakuwa amepanga kufika huko. Kisha akasema.

Walimtoa mama yake nyumbani Ijumaa asubuhi. Yeye alikuwa hapa, kazini, na alipopata habari mama alikuwa tayari kituoni, amekaa juu ya sanduku. Wiki saba mama alikaa pale chini ya shiti ya plastiki, naye kila siku akitoka kazini alimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga. Alitaka amchukue akamfiche chumbani kwake. Mama alikataa, akasema hawezi kujificha katika mji aliozalia. Treni ilipokuja, watu walijaa hadi juu ya mabehewa. Alimwinua mama yake kama mzigo, akampitisha dirishani.

"Akanishika mukono vile, yeye ndani, minye inje. Akasema, panda. Nikasema, mama, niko na bagonjwa, nitafuata." Alikuwa anatazama mkono wake wa kulia. "Nilimudanganya. Haikuwa juu ya bagonjwa. Niliogopa ile treni. Niliona bantu kule juu, banashikana, nikaogopa. Mama yangu njo mutu ya mwisho nilimudanganya."

Mama yake alifariki siku ya nne ya safari. Walimzika kando ya reli, mahali treni iliposimama kwa kukosa mafuta. Mwanamke aliyekuwa naye kwenye behewa aliandika barua, lakini jina la mahali hakulijua. Aliandika tu kwamba kulikuwa na miti miwili iliyoungua na daraja dogo. Barua ilimfikia hapa hospitalini, Jumanne moja, kabla hajaanza kupita vitanda.

Jumanne ile naikumbuka. Nilivunja kipimajoto, cha mwisho tulichokuwa nacho, akanikaripia mbele ya wagonjwa, nami nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba yule mtu hana moyo. Kumbe barua ilikuwa mfukoni mwake.

Wanawake wawili walikuwa wanalia. Mama mzee hakuwa analia. Alikuwa ameshusha miguu sakafuni.

"Dokta," akasema. "Ile nyumba. Mulango ya nyuma inakwamaka? Inaomba kuinyanyua kwanza?"

Daktari aligeuka taratibu. "Njo vile."

"Minye njo naikala mule sasa, mu nyumba yenu."

Mama akasimama, amekonda kama fimbo, akashika nguzo ya kitanda, akaanza kusema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akisita hatamaliza.

"Mutoto wangu alikuya na ufunguo. Akasema, mama, tumepata nyumba. Sikuuliza. Nilijua, lakini sikuuliza. Tuliingia ile Ijumaa, saa ya mangaribi. Msalaba ilikuwa ku ukuta. Mu jikoni kulikuwa sufuria, maharage iko mu maji, imelowana, imevimba muzuri. Nilisimama nikaiangalia. Nikasema, kama namwanga, iko zambi. Kama nabaki nayo, iko zambi. Nikaipika. Tukakula." Alikohoa, akajizuia. "Wakati nilikuya huku, nikakuona weye Mukasai, nikasema, ule mutu ananijua. Ananingojea tu. Nilipoona mukojo yangu iko nyekundu, nikasema, sasa imeanza, analipiza. Njo nikabaambia hawa bengine basimeze. Minye njo nilibaambia. Hata ile binti."

Daktari alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alitoka nje bila kukiinua.

Nilimfuata baada ya muda, kwa kuwa niliogopa. Nilimkuta mwisho wa ukumbi, kwenye karo la kunawia. Alikuwa amefungua bomba, anazungusha mikono chini yake, anasugua vidole kimoja kimoja, kucha, viganja, jinsi tunavyofundishwa. Bomba lile lilikuwa halijatoa maji tangu masika. Nilisimama nikamtazama akinawa hewa.

"Mama alikuwa anayaloweka maharage kila Ijumaa," akasema kwa Kifaransa, bila kugeuka. "Mimi nilikuwa nakwenda kula kwake Jumamosi. Yalikuwa yangu yale."

Nilitafuta neno lolote, na lililotoka silo nililolitaka.

"Dokta, jana nilikudanganya. Nilikinusa kidonge. Nilifikiri labda wanasema kweli."

Akafunga bomba. Akanitazama kwa mara ya kwanza, naona hivyo mpaka leo, kama mtu anayemtazama mtu.

"Ukasikia harufu gani?"

"Hakuna."

"Hakina harufu," akasema. Akachukua koti lake akaenda zake, na siku ile hakurudi.

Wodini niliwakuta wanawake wamemzunguka mama mzee, si kwa kumfariji. Dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kuchukua godoro, alisimama mbele yake akamwuliza, "Weye njo ulimuambia asimeze?" Mama akasema ndiyo. Nilijiandaa kuingilia kati. Yule dada alimtazama tu, akatikisa kichwa mara nyingi, akajitwika godoro akaondoka. Nilimwona dirishani mpaka alipokata kona. Sijawahi kumwona tena, na mara nyingi nimejiuliza alibeba nini pamoja na godoro lile.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama mzee amekunja vitu vyake, amekaa juu ya kitanda kisicho na godoro, anangojea ruhusa ya kwenda. Daktari aliingia. Hakuwa amenyoa ndevu. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha dirishani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ku..." akasema mama, na neno la nyumbani halikutoka.

Daktari alisimama pale. Wodi nzima ilikuwa inasubiri, na mimi nilikuwa nimeshika trei ya dawa mbele yangu kama ngao. Sikujua atafanya nini. Nasema kweli, nilikuwa tayari kwa lolote.

"Ile maharage," akasema, "ilipikika muzuri?"

Mama alimtazama kwa hofu. "Ilipikika."

"Mama yangu alitiaka chumvi ku mwisho. Ukitia mbele, inakataa kulainika."

"Sikutia mbele," mama akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kwangu, nikampa vidonge vya mama na kikombe. Akavuta kile kiti cha jana, akakaa, akampa. Mama alivimeza, akanywa maji yote, kisha, kwa mazoea, akafungua kinywa wazi, ulimi nje, mbele yetu sote.

"Funga kinywa, mama," daktari akasema. "Si minye nimekuona?"

Tangu siku ile alikaa. Si kila siku, kwani kulikuwa na siku tulizokuwa na wagonjwa sakafuni na yeye ndiye daktari peke yake. Lakini asubuhi nyingi alikaa nusu saa katikati ya vitanda, akasimulia kidogo, kisha akanyamaza, na wanawake wakaanza. Yaliyotoka yalitushangaza kila mara. Mmoja alisema kwamba sindano anazochomwa na jirani yake nyumbani hakuwahi kututajia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kuhusu jirani. Mwingine, aliyekuwa wodini wiki tano, alisema siku moja, kana kwamba anataja hali ya hewa, kwamba ana binti wa miaka mitatu anayekohoa kama yeye, amemficha kwa bibi yake Kapolowe ili asichukuliwe na sisi. Daktari aliinuka pale pale akamwandikia sista wa misioni barua, na mtoto akaletwa mwisho wa wiki ile kwenye pikapu, amekaa juu ya katoni ya dawa. Miezi mitatu nilikuwa nimejaza karatasi za wanawake wale, nikidhani nawajua.

Sitaki mtu adhani wote waliamini. Wawili hawakuamini kamwe. Mmoja alisikiliza kila hadithi, alicheka mahali pa kuchekesha, na siku moja aliondoka na vidonge vyake vyote mkobani, akafia kwao. Mwingine aliniambia waziwazi: "Anasema muzuri. Na minye naogopa bantu ya kusema muzuri." Yeye alimeza, lakini kwa ajili yangu tu, akinitazama mimi machoni. Alipona.

Mama mzee alikuwa amebakiza wiki chache amalize dawa alipokuja mwanawe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwona getini, mwanaume mkubwa, mabega ya mtu wa tanuru, amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuingia wodini kwa mama yake. Alisimama ukumbini mbele ya mlango wa daktari, na nilipomwuliza anataka nini alisema mama amemwita, amemwambia aje aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, habari ya ule ufunguo.

Niliingia naye. Daktari alikuwa anaandika. Aliinua macho, na kabla sijasema huyu ni nani niliona kwamba amekwisha jua. Mgeni alikuwa na uso wa mama yake, ule ule.

Mwanaume yule alifungua kinywa. Akasema, "Dokta, minye njo..." kisha kikohozi kikamshika. Alikohoa amejishika mezani, muda mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza alitazama kiganja chake, akakifumba haraka.

Nilimtazama daktari. Nilifikiri atasema toka. Nilifikiri, na Mungu anisamehe, kwamba akisema toka nitamfungulia mlango.

"Vua shati," akasema.

Yule mtu alivua. Daktari alizunguka meza. Akapasha moto chuma cha kipimo cha kusikilizia kifua kwa pumzi yake, jinsi alivyofanya kwa watoto, akaweka mkono wa kushoto juu ya bega lile kubwa, akainamisha kichwa.

"Vuta pumzi. Tena. Kohoa. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Dokta."

"Haukusema kwa mutu?"

"Sikusema."

"Sasa kaa," daktari akasema, akimvutia kiti, "unielezee tangu mwanzo. Niko na wakati."

Akanigeukia, akaniambia niende wodi ya wanaume nikaandae kitanda.